Je, Bakteria Wana Lugha? Uhakiki wa Istilahi za Maisha ya Vijidudu

Katika wilaya moja tu ya Dowa, Malawi ya kati, kiumbe mmoja asiyeonekana kwa macho ana majina yasiyopungua manne. Madisi, mji mdogo wa soko na hospitali ya misheni ulio kando ya barabara kuu ya M1 itokayo Lilongwe kwenda Kasungu, wenyeji humwita kwa Kichewa kachilombo, wingi wake tizilombo, neno lenye mzizi mmoja na chilombo, yaani mnyama wa mwituni. Ukienda Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, utakuta Kiswahili kinawaunganisha Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengine. Huko aliyepitia Tanzania husema kijidudu, aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Uvira husema mikrobe, na aliyeshika kitabu cha sayansi cha Kiswahili sanifu husema bakteria.

Wingi wa majina hautusumbui. Lugha zote ndivyo zilivyo. Tunalokusudia kulihakiki katika makala haya ni sentensi zinazojengwa juu ya majina hayo, hasa pale mwandishi wa Kiswahili anapotaka kueleza namna bakteria wanavyoishi pamoja, wanavyosaidiana na wanavyonyang'anyana. Dowa tumeichagua kwa makusudi. Kipindupindu kilichotangazwa nchini Malawi mwezi Machi 2022 kilienea katika wilaya zote 29 za afya, na hadi katikati ya 2023 kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 58,000 na kuua zaidi ya 1,700. Nchi hiyo haijapata kushuhudia mlipuko wa kipindupindu ulioua watu wengi kuliko huo. Makazi ya Dzaleka yalipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Kufikia 2023 wakazi walikuwa wamezidi 50,000. Mahali kama hapo tangazo la afya la Kiswahili lililobandikwa karibu na bomba si pambo la ukutani, na anayeombwa kulitafsiri kwa kawaida ni mtu wa aina ya wanafunzi wetu: kijana anayejua lugha mbili tatu, ambaye hakusomea biolojia.

Tuliwapa wanafunzi wa tafsiri aya moja fupi kuhusu jamii za bakteria. Majibu yaligawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilitumia lugha ya vita tupu: vijidudu ni maadui, wanavamia, tuwaangamize. Kundi la pili, lililosoma zaidi, lilienda upande wa pili kabisa: bakteria wanaongea, wana lugha yao ya siri, wanashauriana na kukubaliana siku ya kushambulia. Tulilisahihisha zoezi hilo kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia, maana kila kundi lilikuwa na ushahidi wa kujitetea. Tuanze na kundi la pili, kwa kuwa linaingia moja kwa moja katika taaluma yetu.

Wanafunzi hawa hawakujitungia. Mwaka 1970 Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings walieleza tabia ya bakteria wa baharini watoao mwanga. Wakiwa wachache ndani ya chupa ya maabara, hawawaki. Wakishaongezeka kufikia kiwango fulani, huwaka kwa pamoja. Sababu ni kwamba kila mmoja hutoa kemikali ndogo inayotoka nje ya mwili wake. Wakiwa wachache, kemikali hiyo hutawanyika na kupotea. Wakiwa wengi, hujaa kotekote, kisha hurudi ndani ya seli na kuwasha jeni za mwanga. Ngisi mmoja mdogo wa Hawaii huwafuga bakteria wa aina hii katika kiungo maalumu mwilini mwake, na mwanga wao humfichia kivuli anapowinda usiku. Baadaye Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton alionyesha kwamba bakteria mmoja aweza kutumia kemikali mbili, moja ya aina yake mwenyewe na nyingine inayotolewa na aina nyingi tofauti. Katika mihadhara na magazeti jambo hili lilielezwa kwa maneno matamu: bakteria wanazungumza, tena wana lugha ya ndani ya kabila na lugha ya mawasiliano mapana. Mwalimu wa Kiswahili akisikia hivyo lazima atabasamu, maana ndiyo hali ya Dzaleka hasa: Kifulero au Kibembe nyumbani, Kiswahili bombani.

Hata hivyo, tabasamu si hoja. Charles Hockett, katika makala yake ya mwaka 1960, aliorodhesha sifa 13 za lugha ya binadamu. Mojawapo ni uwezo wa kusema juu ya kitu kisichokuwapo, kama mvua ya mwaka jana au bei ya mahindi ya kesho. Nyingine ni uwezo wa kuunganisha sauti chache zisizo na maana ili kupata maneno yasiyo na idadi. Kemikali ya bakteria haina hata moja kati ya hizo. Haiwezi kukanusha. Haiwezi kuuliza. Haina wakati uliopita. Kuiita lugha ni kuifukarisha lugha na, jambo baya zaidi, ni kumpa bakteria nia ambayo hana.

Wanabiolojia wenyewe wamekwisha kulumbana juu ya jambo hili. Mwaka 2002 Rosemary Redfield alihoji kama kuna mawasiliano yoyote. Huenda, alisema, bakteria hutoa kemikali hiyo ili kupima tu kama mahali alipo vitu hutawanyika haraka au hubaki, kabla hajagharimia kutoa vimeng'enya ghali vitakavyochukuliwa na maji. Kwa mtazamo huo anaweza kuifanya kazi hiyo hata akiwa peke yake. Mwaka 2006 Laurent Keller na Michael Surette wakapendekeza kutenganisha mambo matatu ambayo Kiswahili, kwa bahati njema, kimeyatenganisha zamani: ishara, dalili na shuruti. Moshi ni dalili ya moto. Moto haufuki ili utuarifu. Mbiu ya mgambo ni ishara, maana mpigaji ameipiga ili isikike, na anayeisikia ana faida ya kuitika. Ama shuruti, humfanya mwingine atende jambo kwa hasara yake. Mwanafunzi aliyeandika "bakteria wanaongea" ameyafunika yote matatu kwa blanketi moja. Tulimpunguzia alama, na bado tunadhani tulitenda haki.

Sasa tuje kwenye istilahi yenyewe. Jina la kitaalamu la tabia hii lilitolewa mwaka 1994 na Clay Fuqua, Stephen Winans na Peter Greenberg, nao walilichukua kutoka mikutanoni: idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990, miaka minne kabla ya jina hilo kuzaliwa, kwa hiyo hatuna haki ya kuilaumu kwa kutokuwa nalo. Lakini neno tunalo: akidi. Kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa ushirika, wa chama au wa kamati ya shule anajua maana ya kusema akidi haijatimia. Tunapendekeza upimaji akidi, wala si hisi ya akidi kama walivyoandika wanafunzi wawili. Hisi hutupeleka kwenye macho na masikio, ilhali kinachofanyika hapa ni kupima wingi tu.

Tukisema hivyo, tuikosoe na akidi pia. Mkutano ukishatimiza akidi ndipo majadiliano huanza. Kwa bakteria hakuna majadiliano: idadi ikitimia, tendo hufuata. Tena, neno hili hutufanya tudhani kwamba akidi siku zote hufungua shughuli, na hapo ndipo bakteria wa kipindupindu anapotuumbua. Uchunguzi uliochapishwa kuanzia 2002 umeonyesha kwamba yeye hufanya kinyume cha wengine wengi. Wakiwa wachache ndani ya utumbo, hujishikiza, hujenga utando na kutengeneza vitu vinavyoleta ugonjwa. Wakishakuwa wengi na kemikali yao kujaa, huzima hayo yote, hujibandua na kutoka na maji ya kuhara kwenda kumtafuta mtu mwingine. Kwao, akidi ikitimia mkutano huvunjika. Kemikali yao kuu ilitambuliwa mwaka 2007 katika maabara ya Bassler, na ilipoongezwa kwa bakteria hao huko maabarani ilipunguza uzalishaji wa protini wanayoihitaji ili kusababisha ugonjwa.

Kwa hiyo sentensi ya kundi la kwanza, kwamba vijidudu hujikusanya kama jeshi na wakishakuwa wengi hushambulia, si tamathali dhaifu tu. Ni kosa la maelezo. Wachache ndio wanaougua mwenyeji wao, wengi ndio wanaosafiri kwenda kwa jirani. Mwandishi wa tangazo akilijua hilo, ataweka mkazo kwenye choo na mikono ya anayemuuguza mgonjwa, badala ya kumaliza nusu ya karatasi akiwatukana wadudu.

Neno la pili tunalolihakiki ni utando. Wanafunzi karibu wote walilitumia kueleza ute ambamo bakteria huishi kwa pamoja wakiwa wameshikamana na kitu. Si kosa, lakini ni neno baridi. Utando ni wa buibui, ni wa maziwa yaliyopoa, ni wa jicho. Mswahili ana neno la karibu zaidi, analo mdomoni mwake kila asubuhi: ukoga. Uchafu ule laini unaoganda kwenye meno ndio mji wa bakteria unaofahamika kuliko yote. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, aliukwangua na kuutazama kwa lenzi zake mwaka 1683, akaona viumbe wakitembea. Siku hizi inajulikana kwamba mji huo hujengwa kwa zamu. Wapo wanaotangulia kulishika jino, wapo wanaowashika hao waliotangulia, na wapo wanaokuwa kama daraja kati ya wa mwanzo na wanaochelewa. Mmoja hula taka za mwenzake. Aliye ndani kabisa anaweza kuishi bila hewa kwa sababu wa juu wameimaliza.

Kwa nini tunang'ang'ania ukoga? Kwa sababu neno hili huja na kitenzi chake. Kila mtoto anajua kwamba ukoga hautoki kwa kusukutua, unataka mswaki. Sasa tazama dumu la maji la lita 20, ambalo Mmalawi huliita chigubu na Mkongo bidoni. Ndani yake, baada ya wiki kadhaa, pana utelezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kutoka vijiji vya Afrika Kusini ulionyesha bakteria wakidumu na kuongezeka kwenye kuta za ndani za vyombo vya kuhifadhia maji ya kunywa. Ndani ya ute wao dawa ya klorini huwafikia kwa shida kuliko inavyowafikia waogeleao huru. Mama anayechota maji safi bombani, akayatia katika dumu alilolisuuza tu, hajazembea. Ametii tangazo lililomwambia asafishe chombo. Neno safisha halikumwambia kwamba ndani ya dumu lake mna ukoga. Tangazo lingesema hivyo, kokoto chache, sabuni, maji kidogo na kulitikisa kwa nguvu lingekuwa jambo linalojieleza lenyewe, kisha dawa ya klorini ingefuata baada ya kusugua.

Mfano mwingine wa faida ya kuwafikiria bakteria kama jamii unatoka Bangladesh. Rita Colwell na wenzake walijua kwamba bakteria wa kipindupindu katika maji ya mito na mabwawa hupenda kujishikiza kwenye magamba ya viumbe vidogo vya majini. Bakteria mmoja hupenya kitambaa chochote. Gamba lililobeba umati hunaswa. Waliwafundisha wanawake kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2003 yalionyesha ugonjwa ukipungua kwa karibu nusu. Dzaleka hutegemea visima, kwa hiyo hatusemi vitenge vikunjwe huko, na popote pale kuchemsha au kutia dawa ni bora zaidi. Tunachosema ni kwamba wazo lile lisingemjia mtu anayemtazama bakteria kama mdudu mmoja mmoja.

Kuhusu ushindani hatutakaa sana, ingawa una mambo ya kuchekesha. Mwaka 2006 maabara ya John Mekalanos huko Harvard ilieleza mtambo alionao bakteria wa kipindupindu mfano wa mkuki, ambao humchoma nao jirani aliyegusana naye na kumtia sumu. Mwaka 2015 Melanie Blokesch na wenzake wa Lausanne wakaonyesha kwamba akiwa juu ya magamba yale ya majini humchoma jirani, kisha huzichukua jeni za marehemu na kuzitumia. Hapa lugha ya vita ya wanafunzi wetu inafaa kabisa, ila wamekosea adui: vita vikali vya bakteria ni vya wao kwa wao. Ndani ya ushirikiano nako mna ulaghai. Aina moja ya bakteria hutoa kemikali ya kunasa madini ya chuma, na chuma kikishanaswa kinatumika na yeyote aliye karibu. Hutokea basi wasiotoa chochote lakini hula. Mwaka 2004 Ashleigh Griffin, Stuart West na Angus Buckling walionyesha kwa majaribio ni lini hao hushamiri na ni lini hushindwa. Wakiwa katikati ya ndugu wa karibu wa watoaji, ushirikiano hudumu. Wanafunzi walihangaika na neno la kuwaita: wezi, vimelea, wanyonyaji. Mmoja tu, mzaliwa wa pwani, aliandika wadoezi. Tukampa alama zote. Mdoezi hajaiba, wala hakualikwa. Amefika tu wakati sufuria linaepuliwa.

Upande wa amani unapatikana katika kibuyu. Kinywaji kiitwacho thobwa kinachouzwa barabarani kutoka Lilongwe hadi Madisi ndicho togwa ya Tanzania, na maneno yenyewe yana sura ya undugu. Kimea kinachotiwa ndani ya uji uliopoa Wachewa hukiita chimera, kutokana na kitenzi mera, ambacho ni mea yetu iliyobakiza konsonanti. Mwalimu wa isimu linganishi ana kipindi kizima hapo. Ndani ya kibuyu, bakteria wa asidi ya laktiki na hamira huishi pamoja. Bakteria hutia uchachu ambao hamira huuvumilia, na hamira huweza kuwapa bakteria vitamini wasizoweza kujitengenezea. Uchachu huo ndio unaowafukuza wageni wabaya. Watafiti waliofanya kazi Tanzania miaka ya 1990 waliona kwamba watoto waliokunywa togwa walikuwa na bakteria wachache wa kuharisha kwenye vinyesi vyao. Jambo linalotuvutia zaidi ni kwamba aina mojawapo inayopatikana katika togwa, Lactobacillus plantarum, ina koo zinazopima akidi kabla ya kutoa sumu ya kuwazuia washindani. Thobwa si dawa ya kipindupindu, na iliyokorogwa kwa maji machafu baada ya kupoa ni hatari. Lakini mtu aliyekulia kando ya kibuyu hawezi kukubali sentensi inayosema bakteria wote ni maadui. Bibi yake anawafuga.

Limebaki suala la ngeli, ambalo liliwagawanya hata walimu. Tuseme bakteria hawa au bakteria hizi? Magazeti huandika yote mawili, mara nyingine katika aya moja. Wanaotetea hizi hudai kwamba kitu kisicho na damu wala macho hakistahili upatanisho wa viumbehai. Sisi tunashikilia hawa, kwa sababu wanakula, wanazaana na wanakufa, na kwa sababu mdudu, samaki na chaza wamekwisha kupewa heshima hiyo. Tunapendelea pia kwamba neno lenyewe halibadiliki katika umoja na wingi. Kwa kiumbe ambaye tabia yake hutegemea wapo wangapi, hilo si upungufu wa sarufi.

Tuliporudisha zoezi tuliwaomba wanafunzi waandike upya, safari hii kama tangazo la kubandikwa bombani Dzaleka, lisilozidi maneno 30. Lililotupendeza lilisema: "Ndani ya dumu mna ukoga kama wa meno. Kusuuza hakuutoi. Tia kokoto, sabuni na maji kidogo, tikisa sana, mwaga, suuza, kisha tia dawa. Fanya hivyo kila wiki." Mwanafunzi kutoka Uvira alisema kwao wasingeelewa ukoga, akapendekeza "uchafu wa meno". Tumekubali yaandikwe yote mawili, na dumu liongezewe bidoni pembeni.